Viriba vya wanga na makapi ya miwa: shajara ya mradi

Januari, mwanzoni

Ukurasa wa kwanza hauna jina la kemikali hata moja. Una kazi. Kiriba cha miche kinatakiwa kubeba udongo mbichi kwa miezi michache ya kitalu, kisipasuke kikinyanyuliwa, kisha kiingie shimoni pamoja na mche na kiishe humo humo, mizizi ipite bila mtu kukichana. Kiriba cha polithini kinaitimiza nusu ya kwanza ya kazi hiyo vizuri kuliko chochote tutakachotengeneza sisi. Nusu ya pili hakiiwezi. Kinachanwa, vipande vinabaki udongoni, na vijidudu havivigusi.

Tumeanza hivi kwa makusudi. Miradi mingi ya polima za mimea, yaani molekuli zilizoungana kuwa minyororo mirefu, huanzia upande wa pili: watu wana mabaki mkononi, maganda au magome, wanayafanyia utando, wanaupiga picha ukiwa umeelekezwa kwenye mwanga, halafu ndipo wanaanza kuutafutia kazi. Kutengeneza utando wa kupiga picha si shida. Shida ni utando unaojua lini ukae na lini uondoke.

Kabla ya kuchagua tulipitia nyenzo zilizokwisha kujulikana. Polilaktiki, inayotokana na sukari ya mimea iliyochachushwa, ni ngumu na inang'aa, lakini hulegea ikikaribia nyuzijoto 60 za Selsiasi, na kuoza kwake kunataka joto kama hilo hilo, la mboji ya kiwandani. Kwenye udongo wa kawaida huweza kukaa miaka. PHB, plastiki ambayo bakteria hujitengenezea mwilini na ambayo Maurice Lemoigne aliigundua ndani yao mwaka 1926, huoza udongoni bila kubembelezwa. Ila huyeyuka karibu na nyuzijoto 175 na ikizidi kidogo tu hapo huanza kuharibika, hivyo anayeichakata ana nafasi nyembamba sana. Isitoshe, inahitaji matangi ya kufugia bakteria, nasi hatuna.

Umebaki wanga, na cha kuutia nguvu ni nyuzi za selulosi kutoka makapi ya miwa. Adui anajulikana tangu sasa: maji.

Januari, mwishoni

Wanga ni mchanganyiko wa polima mbili za glukosi. Amilosi imenyooka, amilopektini ina matawi mengi. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu na kushikana, kwa hiyo wanga wenye amilosi nyingi hutoa utando imara zaidi. Wanga wa muhogo una amilosi chini kidogo ya asilimia 20, wa mahindi ya kawaida hukaribia robo au kuipita kidogo, na kuna mbegu za mahindi zilizozalishwa makusudi ambazo hupita nusu. Tumechukua wa muhogo ingawa haumo juu kwenye orodha hiyo, kwa kuwa ni msafi: mafuta na protini ni kidogo mno, hakuna cha kuondoa kabla ya kuanza.

Wanga mkavu hauyeyuki. Ukiupasha moto peke yake unaungua kabla ya kulainika, kwa sababu vifungo vya haidrojeni kati ya minyororo ni vingi kupita kiasi. Lazima kitu kiingie katikati na kuisogeza. Maji huanza kazi hiyo, na gliseroli, kimiminika kizito kitamu, huiendeleza maji yakishaondoka.

Kipimo cha kuanzia: gramu 5 za wanga, gramu 95 za maji, gliseroli asilimia 30 ya uzito wa wanga. Punje huanza kuvimba karibu na nyuzijoto 60, na zikifika 80 zimepasuka na kumwaga minyororo yake, mchanganyiko ukageuka kutoka maziwa kuwa uji angavu. Humwagwa kwenye sahani bapa na kukaushwa taratibu. Gliseroli ilipokuwa chini ya asilimia 20 utando ulivunjika ukikunjwa. Ilipopita 40 ulinata vidoleni. Tumebaki na 30 kwa sasa.

Jambo moja limeonekana mapema na litatawala kila kitu kinachofuata. Utando ule ule, uliokatwa kutoka sahani ile ile, ulivutika sana siku ya mvua na kukatika haraka siku kavu. Maji ya hewani nayo ni kilainishi, na gliseroli huyavuta. Hivyo takwimu ya nguvu ya utando wa wanga isiyotaja unyevu wa hewa haina maana yoyote. Nimekuwa mkali kwenye hili hata kwa ripoti za wengine: nikikuta jedwali la nguvu bila unyevu, naliruka.

Februari, mwanzoni

Hatuna kabati la kudhibiti unyevu. Tumetengeneza letu kwa chumvi, njia ya zamani isiyohitaji umeme. Ni chombo cha kioo chenye kifuniko kinachobana, chini yake chumvi iliyoloweshwa kwa maji machache mpaka nyingine ibaki bila kuyeyuka, juu yake wavu wa kulazia sampuli. Hewa ya ndani hutulia kwenye unyevu unaoamuliwa na aina ya chumvi. Kwenye nyuzijoto 25, magnesiamu kloraidi hushika karibu asilimia 33, magnesiamu naitreti 53, chumvi ya kawaida 75, potasiamu salfeti 97. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kurekebishwa. Mradi kuna chumvi isiyoyeyuka na maji kidogo juu yake, namba haibadiliki.

Tangu sasa kila sampuli inakaa kwenye 53 mpaka uzito utulie ndipo ivutwe mashineni. Tumekata vipande vyembamba katikati na vipana ncha zote mbili, ili vikatikie pale tunapopima na si pale mashine inapovishika.

Kwenye chombo cha 97 ukungu ulijitokeza juu ya utando. Mwenzangu alitaka tuongeze dawa ya kuua kuvu. Nimekataa, angalau kwa awamu hii. Tunatengeneza kitu ambacho kuvu wanatakiwa kukila. Tukiwafukuza kitaluni, hatutakuwa na namna ya kuwaita shimoni.

Februari, katikati na baadaye

Makapi. Yakikauka yana selulosi kama asilimia 40 hadi 45, hemiselulosi kama robo, lignini, ile inayozishikiza nyuzi na kuupa mmea ugumu, kama moja ya tano, na kiasi kidogo cha majivu na nta.

Selulosi ni glukosi ile ile ya wanga. Anselme Payen, Mfaransa aliyeitenga mwaka 1838, aliona kwamba uwiano wa kaboni, haidrojeni na oksijeni ndani yake unalingana na wa wanga. Tofauti iko kwenye upande ambao glukosi imeungwa na jirani yake. Kwenye wanga mnyororo hujisokota. Kwenye selulosi hunyooka na kujipanga na wenzake kwa kubanana hata maji yakakosa pa kuingilia. Kwa kuwa zote mbili ni glukosi, nyuzi za selulosi ndani ya wanga hushikwa vizuri bila gundi ya kuzipatanisha. Anayechanganya nyuzi hizo hizo na polithini hulazimika kwanza kuzibadilisha uso, maana polithini na selulosi hazitakani.

Yalioshwa kuondoa sukari, yakakaushwa, yakasagwa na kuchekechwa. Kisha yakachemshwa polepole kwenye soda kaustiki ya asilimia 5, kati ya nyuzijoto 80 na 90, kwa saa mbili. Soda hukata viungo vinavyoishikiza lignini kwenye selulosi, na maji hugeuka meusi. Miwani na glavu havivuliwi hata wakati wa kusuuza, maana majimaji hayo huonekana hayana ukali wakati bado yanaweza kula ngozi. Kusuuza mpaka maji yasiwe na soda tena ndiyo hatua inayotumia maji mengi kuliko zote, na inanikera. Mradi unaojiita wa mazingira hauwezi kuficha ndoo hizo. Sasa maji ya suuzo la mwisho yanarudi kuwa suuzo la kwanza la fungu linalofuata.

Maji meusi hatuyamwagi. Tukishusha pH, kipimo cha uchachu, hadi karibu 2 kwa asidi ya salfuriki, lignini hujitenga na kutuama chini. Ikichujwa na kukaushwa ni unga wa kahawia. Lignini huzuia miale ya urujuanimno na haipendi maji kama wanga unavyoyapenda, sifa mbili ambazo kiriba cha juani kinazihitaji.

Kutokana na hilo, hatua ya kung'arisha nyuzi kwa haidrojeni peroksaidi imefutwa kwenye mpango. Ilikuwamo kwa sababu karibu kila maelekezo ya kutoa selulosi yanayo. Lakini nyuzi nyeupe zinatakiwa na anayetengeneza karatasi, au anayeendelea mbele hadi selulosi ya ukubwa wa nano. Kiriba kinaweza kuwa cha kahawia. Lignini iliyosalia kwenye nyuzi inatusaidia, na tumeokoa kemikali na ndoo nyingine za maji.

Machi, mwanzoni

Nyuzi ndani ya utando: kwa sehemu 5 za nyuzi kwa 100 za wanga, nguvu ya kuvutwa imepanda waziwazi, na kurefuka kabla ya kukatika kumeshuka. Kwa sehemu 10 bado inapanda. Juu ya hapo nyuzi zinajikusanya mafungu, na kila fungu linakuwa mahali pa kuanzia mpasuko. Kukoroga kwa nguvu zaidi kumesaidia kidogo. Kulowesha nyuzi usiku mzima kabla ya kuchanganya kumesaidia zaidi kuliko kukoroga, jambo ambalo sikulitarajia.

Uvimbe ndani ya maji umepungua, lakini haukukoma. Kipande kikiloweshwa bado kinateleza na kukatika kwa kidole.

Machi, katikati

Utando wa Januari umezeeka. Haukuguswa, uko kwenye chombo cha 53, na sasa unavunjika pale ulipokuwa ukikunjika. Minyororo ya amilosi inajipanga upya na kujenga fuwele, na kadiri inavyojipanga ndivyo inavyoisukuma gliseroli nje. Ni badiliko lile lile linaloufanya mkate wa jana kuwa mgumu. Wanaouza utando wa wanga hupenda kuonyesha sampuli mpya, na mtu anaweza kununua kitu chepesi kinachonyumbulika akafungua boksi baadaye akakuta vigae.

Utando wenye nyuzi nao umezeeka, ingawa si kwa kiasi hicho. Tumefungua safu mpya ya sampuli ambapo nusu ya gliseroli imebadilishwa na sorbitoli, kilainishi kingine. Molekuli yake ni kubwa zaidi, huvuta unyevu kwa kiasi kidogo, na haitoki haraka. Kasoro yake ni kwamba ikizidi huweza kuganda juu ya uso ikawa chembe nyeupe.

Machi, mwishoni

Nimekuwa nikipitia historia ya selofani, maana wale walipambana na adui wetu. Jacques Brandenberger aliifanya selofani kutokana na selulosi mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa angavu, ilizuia vumbi na mafuta, lakini mvuke wa maji uliipenya, hivyo bidhaa iliyofungwa ndani ilikauka au kulowa kulingana na hewa ya nje. Suluhisho lilipatikana mwaka 1927 ndani ya kampuni ya DuPont, pale William Hale Charch alipoipaka tabaka jembamba sana lenye nitroselulosi na nta. Selulosi yenyewe haikubadilishwa. Ilivishwa.

Hapo kuna njia mbili, na lazima tuzipime zote: kuubadilisha wanga ndani, au kuuvisha nje.

Ya ndani ni asidi ya sitriki. Molekuli yake ina mikono mitatu ya asidi. Ikipashwa joto kali bila maji, mkono mmoja hushika mnyororo huu na mwingine hushika ule, ikawa daraja. Minyororo yenye madaraja haiwezi kuachana, hivyo maji yakiingia huvimbisha lakini hayayeyushi. Tulikausha utando kwanza, kisha tukauingiza kwenye oveni ya nyuzijoto 150 kwa dakika chache. Ukikaa zaidi unageuka manjano, na asidi ile ile iliyojenga madaraja huanza kuikata minyororo yenyewe. Kwa hiyo kuna dirisha, na dirisha lenyewe hubadilika na unene wa utando.

Matokeo: kipande chenye madaraja na nyuzi kimekaa majini usiku kucha na asubuhi kikanyanyuliwa kikiwa kizima. Kimevimba, kimelegea, lakini ni kitu kimoja. Hii ndiyo mara ya kwanza nimekubali kuandika neno kiriba bila kusita.

Aprili, mwanzoni

Leo hakuna sampuli, kuna hesabu tu.

Kugeuza kilo moja ya wanga kuwa utando kwa njia ya kumwaga uji kwenye sahani, kwa mchanganyiko wetu wa 5 kwa 95, ni kuvukiza kilo 19 za maji. Kila kilo ya maji huhitaji megajuli 2.26 ili iwe mvuke. Jumla ni karibu megajuli 43, kabla ya kuhesabu joto linalopotea njiani. Ukichoma kilo moja ya polithini unapata megajuli 46 hivi. Yaani, kama ukaushaji unafanywa kwa moto, tunatumia joto linalokaribia lote lililomo ndani ya plastiki tunayotaka kuiondoa, ili tu kuondoa maji tuliyoyamwaga wenyewe.

Njia ya sahani basi ni ya kujifunzia. Haitatoka maabara. Jua lingeweza kukausha bure, lakini utando unaokauka kwa kasi tofauti kila siku utakuwa na sifa tofauti kila siku.

Njia iliyobaki ni ya plastiki za kawaida: kusukuma mchanganyiko mzito kwa parafujo ndani ya silinda ya moto, au kuubana kati ya mabamba mawili. Wanga, gliseroli na maji machache sana, kwenye nyuzijoto 120 hadi 150. Msuguano na joto huzipasua punje badala ya maji mengi.

Aprili, katikati

Tumepewa nafasi kwenye mashine ya kubana. Fundi alizichukua punje zetu za mchanganyiko kiganjani, akazisugua, akauliza:

"Mwalimu, hizi zimekaushwa?"

"Kidogo tu, fundi. Tunataka maji yabaki humo yasaidie."

"Basi zitafanya povu."

Za kwanza zilifanya povu kweli. Mabamba yalipoachana, maji yaliyokuwa yamebanwa yaligeuka mvuke kwa pigo moja na kukijaza kipande mapovu. Tulikuwa na mafungu ya viwango mbalimbali vya unyevu, hivyo tuliendelea kushuka. Lile kavu zaidi halikutiririka, lilitoka na madoa meupe ya punje zisizopasuka. La katikati lilitoka safi. Fundi alishauri pia tupoze mabamba kabla ya kuyafungua, na baada ya hapo hata fungu lenye maji zaidi lilitoka bila povu. Ushauri huo haumo kwenye maandishi yoyote niliyokuwa nimeyasoma kuhusu wanga.

Kipande cha povu nimekihifadhi. Ni chepesi na kinashika umbo. Kwa ufungashaji wa vitu vya kuvunjika kingefaa, lakini si kazi yetu.

Aprili, mwishoni

Mjadala mrefu na mwenzangu. Pendekezo lake: tuchanganye wanga na PBAT. Ni poliesta laini inayonyumbulika, inayovumilia maji, na vijidudu huila. Mifuko mingi ya taka za mboji imetengenezwa hivyo. Tatizo letu la maji lingeisha mara moja.

Ila PBAT kwa kawaida hutoka kwenye mafuta ya petroli. Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Kutoka kwenye mmea ni swali moja, kuoza ni swali jingine kabisa. Kuna polithini inayotengenezwa kwa ethanoli ya miwa. Kaboni yake yote imetoka hewani kupitia jani, na haiozi hata kidogo, kwa kuwa mnyororo wake ni ule ule wa polithini. Na kuna PBAT, ya petroli, inayooza. Kijidudu hakiulizi kaboni imetoka wapi. Kinachoulizwa ni kama kuna kifungo ambacho enzimu zake zinaweza kukikata.

Asili ya kaboni hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Kiumbe hai huwa nayo, kwa kuwa huipata hewani kila siku. Nusu ya kaboni-14 huisha kwa kila miaka 5,730, na petroli imefukiwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo haina kitu. Pima kaboni-14 ya bidhaa na utajua sehemu gani ilikuwa mmea juzi. Lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kuoza, na lebo inayoonyesha cha kwanza ili msomaji aelewe cha pili inadanganya.

Hatukuafikiana kabisa. Yeye anasema mkulima anahitaji kiriba kinachofanya kazi, mengine yatafuata. Hoja yake ina uzito. Tumekubaliana kwamba mchanganyiko wa PBAT utatengenezwa kama kipimo cha kulinganishia, ili tujue tunakosa nini hasa kwa kuukataa.

Mei

Mitungi ya udongo imeanza.

Kupima kuoza kwa kuangalia uzito uliopungua hakufai kwa nyenzo hii. Gliseroli huyeyuka majini. Utando wa sehemu 100 za wanga na 30 za gliseroli ukifukiwa kwenye udongo mbichi unaweza kupoteza karibu robo ya uzito wake kwa gliseroli kutoka tu, hakuna kijidudu kilichofanya kazi. Nusu ya picha za "imeoza ndani ya wiki" pengine zinaonyesha kuyeyuka na kumeguka.

Kwa hiyo tunahesabu pumzi ya udongo, yaani kaboni dioksaidi ambayo vijidudu hutoa vinapokula. Wanga una kaboni asilimia 44 ya uzito wake, gliseroli 39. Gramu moja ya wanga ikigeuzwa yote kuwa hewa hutoa gramu 1.63 za kaboni dioksaidi. Ya gliseroli hutoa 1.43. Ndani ya kila mtungi uliofungwa kuna kikombe cha potasiamu haidroksaidi kinachoinasa hewa hiyo, na tunapima kilichobaki kwa kudondosha asidi mpaka rangi ibadilike. Kuna mitungi ya udongo mtupu, ili tutoe pumzi ya udongo wenyewe. Kuna ya udongo na selulosi safi, ili tujue kama udongo uko hai: selulosi isipooza, mtungi wa jirani hauna la kusema. Halafu ndiyo yetu.

Kiwango cha Ulaya cha matandazo ya plastiki ya shambani, EN 17033 cha mwaka 2018, kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka kaboni dioksaidi ndani ya miaka miwili udongoni. Si 100, kwa sababu sehemu ya kaboni hubaki kuwa miili ya vijidudu na mboji. EN 13432, kinachotajwa zaidi kwenye mifuko, kinadai 90 ndani ya miezi sita, lakini kwenye joto la mboji ya kiwandani. Anayeonyesha cheti cha pili kwa kitu kitakachoachwa shambani ameleta cheti cha mahali pengine.

Hadi sasa mstari wa wanga mtupu unapanda kwa kasi, umeitangulia hata selulosi safi. Wenye madaraja ya sitriki umechelewa kuanza, kisha unapanda kwa mwinuko mdogo. Wenye nyuzi za kahawia uko nyuma yao wote. PBAT bado iko chini, na haikushangaza mtu.

Juni, mwanzoni

Miche ya kwanza iliyopandwa ndani ya viriba vya madaraja imekuwa na majani ya manjano. Mizizi imepita ukutani vizuri, hakuna kuoza kwa shina, maji yanatosha. Miche ya viriba vya polithini karibu yake ni ya kijani.

Nadhani tunajua sababu. Kiriba chetu ni kaboni tupu, nitrojeni hamna. Vijidudu vikipata chakula cha namna hiyo huzaliana na kuivuta nitrojeni ya udongo ili kujenga miili yao. Kwa kawaida uwiano wa kaboni kwa nitrojeni ukipita 25 au 30 kwa moja, udongo hunyang'anywa badala ya kupewa. Nitrojeni haijapotea, itarudi vijidudu vikifa, lakini mche wa umri huo hausubiri. Wote tuliokuwa tukishindana na maji hatukuwa tumeuangalia upande huu, na vipimo vya kuoza haviuonyeshi, maana vinauliza kama kitu kimeisha na si kimekula nini kikiisha.

Njia mbili zinajaribiwa. Mbolea kidogo ya nitrojeni ndani ya udongo wa kiriba, rahisi na ya haraka. Au kuingiza mashudu yaliyosagwa ndani ya wanga wenyewe, protini yake iwe akiba ya nitrojeni. Ya pili naipenda zaidi, lakini protini na joto la mashine ya kubana huleta rangi nyeusi na harufu, na huenda ukungu ukaja mapema.

Juni, mwishoni

Utando wa mwanzo kabisa, ule wa wanga mtupu usiofaa kwa kiriba, umepata kazi. Utepe wa mbegu: mbegu ndogo zinapangwa kwa nafasi sawa kati ya tabaka mbili nyembamba, utepe unalazwa kwenye mfereji na kufunikwa. Kasoro zote tulizozipigania tangu Januari ni sifa hapa. Utepe unatakiwa kulegea kwa maji ya kwanza. Haubebi mzigo. Ni mwembamba, kwa hiyo nitrojeni inayonyang'anywa ni kidogo. Mambo mawili yanaubana: ukaushaji usipite nyuzijoto 40 kwa kuwa mbegu ziko ndani, na gliseroli nyingi kando ya mbegu huweza kuizuia isivute maji ya kuota. Mbegu zimeshawekwa kwenye karatasi mbichi, ndani ya utepe wa gliseroli na ndani ya utepe wa sorbitoli, tuone kipi kinachelewesha.

Kwa viriba, fungu linalofuata linaunganisha njia ya ndani na ya nje. Madaraja ya sitriki yanabaki, ila machache kuliko ya Machi, ili kuoza kusichelewe. Nta ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, itapakwa upande wa ndani tu, unaogusana na udongo mbichi tangu siku ya kujaza. Upande wa nje unaachwa wazi. Huo ndio utakaoguswa kwanza na udongo wa shimo. Hii inamaanisha kitaluni viriba visikae chini. Wavu wa kuviinua umeshakatwa, na nimeomba siku nyingine kwenye mashine ya fundi, safari hii na mafungu matatu ya punje za unyevu tofauti na mabamba ya kupozwa tangu mwanzo.